Mtoto wa Nyumba Zote

Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni, sauti yangu leo ni ndogo. Hapo kale, bibi zenu hawajaota meno, palikuwa na kijiji, na kijijini palikuwa na mama mtu mzima, Bi Mize. Yeye alikuwa mtu wa kutazama watoto. Wenzake wakitwanga, twa! twa! twa!, yeye yuko chini na vitoto. Huyu anatambaa. Huyu anasimama dede. Huyu anaficha uso akiona mgeni. Watu wakasema hana kazi. Mgongo ulimuuma, magoti yalimuuma, naye akatazama tu.

Mwaka mmoja homa ikapita, ikamchukua mama yake Machano, kitoto cha kutambaa kisicho na baba wala ndugu. Mzee Kombo, mkuu wa kijiji, akaamua kwamba wote wamlee. Leo nyumba hii, kesho nyumba ile. Wakamkogesha, wakamlisha uji, wakamlaza. Hakuna aliyemnyima kitu.

Lakini mtoto akanywea. Akaacha kutambaa. Akaacha kulia. Akipewa huyu, kimya. Akipewa yule, kimya. Wanawake wakamsifu kwa upole wake.

Bi Mize alipomwona, akaingiwa na hofu. Akajikongoja hadi kwa Mzee Kombo, akamweleza kwamba mtoto wa umri ule asiyemlilia mtu yeyote amekata tamaa. Mzee akasema hakuna nyumba inayoweza kumbeba peke yake.

“Basi nipe mimi.”

“Bi Mize, wewe umechoka.”

“Nimechoka, ndiyo. Lakini kila akiamka atanikuta mimi yule yule.”

Akamchukua. Akambeba mgongoni kisimani, akambeba mgongoni shambani. Akamwimbia, lo-lo-lo, lo-lo-lo. Mtoto kimya. Mvua zikaja, kimya. Mvua zikaisha, kimya. Siku nyingine Bi Mize aliketi kizingitini akalia kwa uchovu, akijiuliza kama macho yake yalimdanganya umri wote.

Asubuhi moja akamwacha kwa jirani yake, Bi Riziki, akashika njia ya kisima. Hajafika mbali, akasikia: ngaa! ngaa! Ni Machano, kanyoosha mikono, anamtaka yeye. Bi Riziki akaja mbiombio amembeba, amekasirika.

“Umemdekeza. Sasa hataki watu.”

Bi Mize akatua mtungi, akaketi pale pale vumbini. Mtoto akamkumbatia shingo, akanyamaza.

“Hajadeka,” akasema polepole. “Amepata wa kumlilia.”

Machano akanenepa, akatambaa tena, akatembea. Alipokuwa na hakika na mmoja, akawakimbilia wote. Mzee Kombo akaona, akabadili uamuzi wake: tangu hapo kila yatima akapewa mlezi mmoja wa kumzoea, na kijiji kikambebea mlezi huyo maji na kuni. Bi Mize hakuringa. Aliomba tu aachwe apumzike kidogo.

Basi jueni, wanangu: mtoto haishi kwa uji peke yake. Anataka uso anaoujua, ambao hata ukiondoka utarudi.

Ngano yangu imefika mwisho wa njia. Nami nimechoka, nishikeni mkono niinuke.