Firigisi Moja na Chungu cha Betri

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana masizi ya moto wenyewe hayajafutika ukutani, walikuwapo wakulima wa mpunga huko Kilombero waliochoka kupiga madebe. Kila mpunga ulipoanza kukomaa, ndege aina ya kwelea kwelea walishuka kwa maelfu, na watu wakashinda shambani wakipiga debe na kupayuka mpaka sauti zinakauka. Kikundi chao kikanunua droni. Droni ikapaa, kwelea wakakimbia, madebe yakarudi kuteka maji.

Droni ikakabidhiwa Tekla aitunze, kwa kuwa ndiye pekee aliyemsikiliza fundi wa droni mpaka mwisho wa mafunzo. Wenzake walisikia harufu ya pilau wakaondoka. Fundi alisema betri hizi laini zina hasira za karibu. Tekla akarudi na sheria tatu, akawa anazisema kila asubuhi: "Isikamuliwe mpaka tone la mwisho. Ikichajiwa, ilale mchangani. Isiachwe peke yake."

Akatafuta chungu, akakijaza mchanga, akakiweka uani, mbali na ghala. Betri ikichajiwa humo, yeye yuko kwenye kigoda, anailinda.

"Dada Tekla, inaiva saa ngapi?" wenzake wakamtania.

"Ikiiva utubakizie ukoko!"

Tekla alicheka nao, lakini ilimuuma. Aliipenda droni ile, na aliogopa sana kunyang'anywa.

Basi siku moja kwelea walikuja kama waliopelekewa kadi za mwaliko. Egno, mrushaji, akairusha droni. Ikalia pii, pii, kuomba ishuke. Egno akasema, "Bado kidogo." Ikalia tena. "Bado kidogo." Alipoishusha, mpunga ulikuwa salama, na betri imekamuliwa mpaka tone la mwisho. Akamkabidhi Tekla, akasahau kusema.

Tekla akaiacha ikapoa, ndipo akailaza chunguni. Akaona mchanga umepungua, akawalaumu kuku. Kuku wa watu hawakuwa na kosa. Shangazi Benigna, mpishi wa kikundi, ndiye aliyechota nusu yake akasugulie masufuria.

Chaja ikawashwa. Tekla akakaa. Mara tarumbeta zikasikika barabarani: bibi harusi anapita! Tekla akasema, "Naangalia gauni tu, narudi."

Gauni lilikuwa refu.

Shangazi Benigna, akiwa kisimani na masufuria yake, aliiona betri inavimba, inafuka moshi, kisha ndimi za moto. Mchanga uliobaki chunguni haukutosha kuzifunika. Akakimbia, akauchomoa waya ukutani. Watu wakaja na ndoo. "Maji hapana, huo ni moto wa betri!" Akamwaga juu yake sufuria zima la mchanga, ule ule aliouchota. Moto ukaguna chini kwa chini mpaka ukachoka. Chungu kikapasuka, ukuta ukapata masizi, ghala likapona na magunia yake yote.

Siku ya mavuno jogoo akachinjwa. Kikundi hiki kilikuwa na desturi yake: atakayepewa firigisi ndiye atakayekabidhiwa droni msimu ujao. Firigisi ni moja, na haikatwi. Mama Kanisia, mwenyekiti, akaishika kwenye sahani.

Egno akasema, "Mimi niliokoa mpunga wenyewe. Bila mimi, ghalani mngelinda nini? Magunia matupu?"

Shangazi Benigna akasema, "Mimi niliuzima moto. Wote mlikuja na maji. Mchanga nilikuwa nao mimi."

"Ulikuwa nao kwa sababu uliuiba, shangazi," akasema Tekla. "Sheria ni zangu. Chungu ni changu. Kingekuwa ghalani, leo tungekula majivu. Niliondoka, ndiyo, nimekosa. Lakini nani kati yenu hakukosa?"

Ndipo huko uani ikasikika pii ya chaja. Betri mpya ilikuwa kwenye chungu kipya, inachajiwa. Tekla alidhani Egno yuko nayo. Egno alidhani shangazi yuko nayo. Shangazi hakudhani kitu, alikuwa anafikiria firigisi. Wakatazamana, wakainuka wote kwa pamoja, wakagongana mlangoni.

Betri ilikuwa imejaa tu, imelala salama. Tekla akaichomoa, wakakaa watatu kukizunguka chungu. Hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kuinuka. Mama Kanisia akawafuata na sahani. Tekla akaitazama firigisi, akameza mate, akarudisha macho kwenye betri. Wenzake wakafanya vivyo hivyo.

Mama Kanisia bado amesimama pale, ndugu zangu, na firigisi inapoa. Mmoja alikuwa na sheria, akaenda kuangalia gauni. Mmoja aliokoa mpunga, akaikausha betri. Mmoja alizima moto kwa mchanga wa wizi. Je, nani alistahili? Sahani aiweke mbele ya nani?