Baiskeli Iliyoahidiwa Mara Tatu

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, ni zamani ya juzijuzi, baiskeli zilipokwisha kuota springi na wenyewe wakaota kiburi, alikuwako mkunga mmoja jina lake Mkawasi. Alikaa kando ya Hifadhi ya Kirindi, nchi ya vumbi jekundu na miba, ambako mvua hutangazwa kila mwaka na kufika ikipenda.

Mkawasi alikuwa na mikono mizuri ya kuzalisha, lakini gari lake lilikuwa miguu miwili. Mwezi mmoja kabla ya kisa hiki aliitwa ng'ambo ya hifadhi, kwa mke wa Nyambu. Alitembea saa sita. Alipofika, alipokewa na kilio. Mtoto alikuwa ameshakufa. Tangu siku ile kila akiona baiskeli, moyo ulimuuma.

Basi asubuhi moja, langoni pa hifadhi alishuka Bwana Crispin kutoka mjini. Jamani, mtu alipambika! Kofia ngumu, miwani ya kung'aa, kaptura ya kubana isiyojua kutunza siri, na baiskeli yenye gia nyingi kuliko marafiki zake. Askari wa lango akamwambia, "Mzee, chukua mtu wa kukuongoza. Na maji hayo ni ya kusukutulia tu."

"Kijana, mimi nimepanda milima ya Ulaya," akasema Bwana Crispin akigonga saa ya mkononi. "Hii inajua njia."

Naam, ilijua njia, mpaka jua lilipoichemsha ikazima. Bingwa wetu hakutishika. Aliona mchangani alama za magurudumu, akafurahi. "Kumbe kuna aliyetangulia! Na huyu anajua kuendesha." Akazifuata, akauzunguka mlima wa Kirindi. Akakuta alama zimekuwa mbili. "Kumbe wako wawili!" Akazifuata. Zikawa tatu. "Leo kuna mashindano!" Maskini, alikuwa akijifukuza mwenyewe.

Mkawasi alipita hapo akienda kuchimba mizizi ya dawa. Alama zilikuwa bado mbili, tairi ile ile. Akaelewa papo hapo, akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwenye baiskeli hana pa kwenda, mwenye pa kwenda hana baiskeli. Acha azunguke, mazoezi ni afya." Akaenda zake.

Jua lilipofika utosini akarudi. Sasa alama zilikuwa nne, kisha ziliyumba, zikaenda moja kwa moja kwenye matawi ya mgunga yenye miba ambayo wafugaji hufungia njia. Bwana alidhani amewekewa ya kurukia. Akaruka, akatua katikati. Kuanzia hapo zilikuwa nyayo za mtu anayejikokota. Kicheko kikamkauka Mkawasi, akakimbia kuzifuata.

Alimkuta amelala chini ya kichaka, midomo imepasuka. Akamnywesha maji yake kidogo kidogo mpaka kidumu kikaisha, naye hakujibakizia hata funda.

"Mama," akasema Bwana Crispin, "haki ya Mungu, ukinitoa hapa, baiskeli hii ni yako."

Lakini kusimama hakuweza. Mkawasi akapiga yowe, akaja Godana, mfugaji. Akamkamulia maziwa, akaacha mbuzi wake, akambeba mgongoni hadi barabarani, Mkawasi nyuma akikokota baiskeli. Huku nyuma duma akajichagulia mbuzi wawili, tena wale wa maziwa.

"Ndugu yangu," akasema Bwana Crispin kule mgongoni, "haki ya Mungu, ukinitoa hapa, baiskeli hii ni yako." Kinywa chake kilikuwa kimekauka kila kitu isipokuwa ahadi.

Barabarani wakamkuta Mwasaru, fundi wa baiskeli, juu ya baiskeli yake kuukuu. "Panda keria hapa nyuma yangu, mzee, nikufikishe."

"Keria? Langoni nitaonekanaje?"

Basi fundi akashuka. Mashimo ya tairi hayakuhesabika, kwa hiyo akazishindilia nyasi kavu, akazifunga kwa vipande vya shati lake. Baiskeli yake akaiegemeza mtini, akampandisha bwana kwenye ile ya gia nyingi, akamshika kwa nyuma, kama mtoto anayefundishwa kuendesha, hadi langoni, Mkawasi na Godana wakifuata. Njiani aliahidiwa nini? Mnakijua kiapo, msinichoshe. Jioni habari zikaja za mbuzi wa Godana, na kwamba ndovu ameikalia ile baiskeli kuukuu.

Pale langoni Bwana Crispin akanywa soda mbili, ulimi ukarudi, kiapo kikaondoka. "Nilisema atakayenitoa. Nani aliyekanyaga pedali? Si mimi?"

Askari akamkazia macho. "Mzee, hukuona haya kuapa, utaona haya kutimiza?"

"Haya basi. Baiskeli ni moja. Wakipatana ni ya nani, achukue." Akatabasamu, maana alijua hawatapatana.

Mwasaru akasema, "Bila nyasi zangu angelala barabarani na fisi. Na fundi wa baiskeli asiye na baiskeli, nani atamletea kazi?"

Godana akasema, "Mimi hata kuiendesha sijui. Lakini maziwa ya wanangu yamo tumboni mwa duma. Nitaibadilisha na mbuzi."

Mkawasi alikuwa ameshaushika usukani. "Bila maji yangu mngebeba maiti. Na kule ng'ambo Mghoi amebakiza wiki tatu ajifungue. Nikienda tena kwa miguu nitakuta kilio tena. Sitaki kuzika mtoto mwingine, jamani." Mwasaru akainama, karibu amwachie.

Ndipo Godana akakohoa. "Mama, gazeti langu mimi ni mchanga. Asubuhi nyayo zako zilisimama kwenye alama za mzunguko wa pili. Zikasimama kitambo, zikaenda zake. Na kicheko nilikisikia."

Bwana Crispin akaweka chupa chini. "Ulijua nimepotea?"

"Nilijua," akasema Mkawasi. "Mtoto alikufa nikiwa njiani, halafu wewe unakuja kuchezea kitu ambacho kingemwokoa. Nilitaka nawe uonje njia ndefu. Kisha nikaogopa, nikarudi." Akamgeukia Godana. "Na wewe uliyesoma gazeti tangu asubuhi, ulisubiri nini?"

Godana akaangalia fimbo yake. "Niliogopa kuacha mbuzi," akasema polepole.

Baiskeli ikasimama katikati yao, nyasi zikichungulia kwenye tairi. Mkawasi hakuwa ameuachia usukani.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, msijifanye mmesinzia. Yuko aliyetoa maji yake yote, baada ya kucheka. Yuko aliyepoteza mbuzi, baada ya kunyamaza. Fundi hana kosa, lakini alimkuta mtu ameshaokolewa nusu. Na bingwa wetu bado anadai pedali. Amueni, lakini msikawie, maana Mghoi wiki zake ni tatu tu na mlima haujasogea. Je, baiskeli ni ya nani?