Kwa Nini Mwingereza Huanza na Mvua

Kaeni vizuri, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi. Shule niliiacha darasa la sita, sifichi, ila hili ninalowapa hamkulisoma darasa lolote. Nimelipata kwa bibi yangu, naye kwa bibi yake, mpaka linafika kwa Bi Mwanakheri wa Siyu mwenyewe, asili yetu. Mwenye wivu anywe maji.

Zama hizo Waingereza hawakuwa na salamu. Mtu alisukuma mlango wa jirani na kutamka haja yake palepale: nipe chumvi, niondolee ng'ombe wako, mwanao ana kelele. Basi walikuwa wakigombana tangu asubuhi hadi jioni. Kijiji kimoja cha watu sitini kilikuwa na njia tano za kwenda kisimani, kwa sababu hakuna ukoo uliotaka kukutana na mwingine. Watu wazima hao! Meli walijua kuunda, "hujambo" ikawashinda.

Hapo aliishi kijana Godwini, mwezekaji wa mapaa, aliyempenda Editha, binti wa Mzee Osberti mwenye kinu cha kusagia ngano. Editha naye alimtaka. Kazi ilikuwa kwa baba. Mara ya kwanza Godwini aliingia kinuni akasema, "Nimekuja kumchukua Editha." Akatupwa nje. Mara ya pili akasema yaleyale kwa sauti kubwa zaidi, akidhani mzee hasikii vizuri. Akatupwa mtoni.

"Nakupa mara moja ya mwisho," Osberti alimwambia akiwa majini. "Ukinikera tena, Jumapili Editha anaolewa na yule mfuga kondoo wa ng'ambo."

Godwini akatoka mtoni anatetemeka. Kwenye kivuko alikuwapo Bi Mwanakheri, aliyefika huko na meli ya viungo, akiuza tangawizi ya moto. Alifikaje mbali hivyo? Hadithi ni yangu, au ni yako?

"Nipe tangawizi," Godwini akasema.

Bi Mwanakheri akaendelea kukoroga.

"Nimesema nipe tangawizi!"

"Nimekusikia. Umeamkaje? Mama yako yu hali gani?"

"Mama yangu unamtakia nini?"

"Simtaki mamako, mwanangu. Nabisha hodi kabla ya kuingia. Kwetu hata mwenye nyumba inayoungua tunamwamkia, huku tunakimbia na ndoo."

Godwini akamweleza habari yote. Bi Mwanakheri akamfundisha siku mbili nzima: uliza watu wa nyumbani, uliza afya, uliza kazi, haja yako iache nyuma kabisa.

Jumamosi akaenda. Akabisha hodi, jambo ambalo mlango ule ulikuwa haujawahi kulisikia. Osberti akafungua, fimbo mkononi.

"Mzee, mkeo hajambo?"

"Mke wangu anakuhusu nini?"

"Na... mguu wako je?"

"Nani kakwambia nina mguu mbovu?"

Fimbo ikapanda. Nyuma ya magunia Editha akafumba macho. Godwini akaona kila kitu duniani kina mwenyewe: mke ana mwenyewe, mguu una mwenyewe, binti ndiyo usiseme. Akainua uso kutafuta kisicho na mwenyewe, na tone likamdondokea jichoni.

"Mvua, Mzee," akasema kinyonge.

Osberti akachungulia nje. Akatazama muda mrefu.

"Mvua," akakubali.

"Jana ilikuwa afadhali."

"Jana ilikuwa afadhali sana."

"Kesho huenda ikapungua."

"Huenda. Lakini sidhani."

Fimbo ilikuwa imeshashuka. Osberti hakukumbuka ni lini mara ya mwisho aliwahi kukubaliana na mtu, tena mara tatu mfululizo. Akasogea mlangoni. "Ingia, unalowa. Editha, weka maji motoni."

Godwini akanywa kikombe cha kwanza, akanywa cha pili. Katikati ya cha tatu ndipo akalitaja jina la Editha.

"Kumbe!" mzee akasema. "Sasa mbona hukusema mapema?"

Siku ya harusi ilinyesha tena, na watu sitini wakaambiana kuwa inanyesha. Kisimani ikabaki njia moja.

Na tangu siku hiyo Mwingereza hafungui kinywa bila kuanza na mbingu. Mwaka jana alikuja mmoja hapa Siyu, jua la kupasua mawe. Akajifuta jasho, akaniambia, "Joto leo." Wenzangu wakacheka, eti mgeni huyu hana hata salamu. Mimi nikasimama wima, nikamwitikia: "Joto kweli. Jana afadhali." Uso wake ukachanua kama wa mtu aliyefika kwao.

Alikuwa ananiamkia, enyi msiojua. Amesahau tu nani aliwafundisha wazee wake. Nami sikumkumbusha. Sisi ndio wenye adabu.