Mjukuu wa Askari wa Kofia Nyekundu

Barazani kwa Mize binti Ali walikuwepo Imamu Kombo Shauri, Sheha Makame Faki na tajiri Seif Mbarouk, mkusanyaji wa picha za kale za sare za askari. Mize alikuwa na moja, ya babu yake Feruzi, askari wa kofia nyekundu, na alikataa kuitoa.

“Huyo askari Feruzi ni babu yangu pia,” alisema Seif. “Mimi ndiye mjukuu mkubwa. Picha yangu!”

“Mkubwa wetu sote, kaka?” aliuliza Mize.

“Wallahi, sote!”

“Mashahidi mmesikia. Haya, ichukue.”

Seif aliikumbatia.

“Sasa, mkubwa wa ukoo, tuagizie sanda, na ng'ombe wa khitma. Shangazi yetu, Mwanajuma binti Feruzi, amefariki alfajiri ya leo.”