Kivuli cha Mkenge

Hapo zamani, katika mji ambao uwanja ulikuwa wa wote lakini mwenye mti ndiye mwenye kivuli, aliishi Mashavu, msusi wa mikeka. Alisukia mbele ya nyumba yake, juani. Ukili ulimkaukia mkononi ukakatika, na mikeka mibovu hainunuliwi.

Siku moja jirani yake Mwinyihaji, seremala, alichomeka mche pale uwanjani. Akauchomeka, akafunga safari, akaenda zake. Hata ni mti gani hakusema!

Nani aliumwagilia? Mashavu. Nani aliuzungushia miba, mbuzi wa Bi Zuwena, jirani wa pili, walipoutafuna ncha? Mashavu huyohuyo. Mti ukarefuka mbiombio, masika ya pili ukapita paa. Mashavu akahamia chini yake, ukili ukalainika, mikeka ikaanza kutoka.

Kikaja kiangazi. Safari hii majani yakapukutika yote, yakabaki maganda makavu ya mbegu yakichakarika kwa upepo.

"Umekufa! Kazi yangu yote bure!" Mashavu akachukua shoka. Lilikuwa hewani Bi Zuwena alipomdaka mkono.

"Una wazimu, shoga? Huu ni mkenge! Kiangazi huvua majani." Akakwangua gome kwa ukucha, ndani ubichi mtupu.

Mvua zikanyesha, mkenge ukavaa majani mapya. Na Mwinyihaji naye huyo, karudi, meza ya useremala begani.

"Ondoa mikeka yako, Bi Mashavu. Mti nilipanda mimi. Bila mche wangu ungemwagilia mchanga."

"Na bila mkono wangu ungekuwa kuni," akadakia Bi Zuwena. "Nimeuokoa mimi. Hapa nitafunga mbuzi wangu."

Mbuzi! Mashavu akawanyooshea kidole mmoja mmoja. "Wewe ulipanda ukautupa. Wewe mbuzi wako waliutafuna. Mimi nimeulea kwa maji niliyobeba kichwani, leo nirudi juani? Hamna haya?"

"Aliyeulea ndiye aliyeuinulia shoka," akajibu Bi Zuwena.

Mashavu hakuukunja mkeka. Akaketi juu yake kifua mbele, wenzake wamesimama, mmoja na meza yake, mmoja na mbuzi wake, wote watatu wanawangojea nyinyi mnaosikiliza.

Haya, semeni, wala msinitazame mimi: kivuli kile, nani alikistahili?