Mshale Ulisema Themanini

Wapendwa, sogeeni mbele kidogo, na mama zangu wa kule mlangoni mnisikie. Kulikuwa na bwana mmoja, Krismasi akaenda ukweni na kigari chake kidogo. Barabara ya kule ni mawe matupu, gari likakalia tumbo. Shemeji zake wakalisukuma huku wakicheka mpaka wakashika mbavu. Mnawajua mashemeji! Yule bwana akacheka nao, lakini moyoni aliumia sana.

Aliporudi mjini akaenda moja kwa moja gereji. "Nifungie matairi makubwa, gari linyanyuke."

Fundi akakuna kichwa. "Bosi, gari hili halikutengenezewa saizi hiyo. Ukikata kona kali, tairi litakula madigadi, haya yanayolifunika kwa juu. Na mshale wa spidi hautakuambia kweli tena."

"Wewe funga."

Naye fundi, badala ya kukataa, akafunga.

Pasaka akarudi ukweni, gari limesimama juu, linapendeza. Safari hii hakuna aliyecheka. Akaondoka na mama mkwe wake ampeleke mjini akatibiwe macho. Mkewe akakaa mbele, mama mkwe nyuma.

Sasa heshima yetu mnaijua. Mama mkwe hamkemei mkwe wake. Gari likaanza kushuka mteremko, yule mama akashika kiti kwa mikono miwili. Akasikia harufu ya mpira unaoungua. Akainama, akamnong'oneza binti yake.

"Mume wangu, mama anaomba upunguze mwendo. Hata mimi naogopa."

"Mwambie mama aangalie hapa." Akagonga dashibodi kwa kidole. "Themanini tu! Kuna mtu nimemkimbiza?"

Mama angeangalia nini, na macho yenyewe ndiyo hayo mabovu? Akajiziba mdomo kwa kanga.

Wapendwa, ule mshale ulikuwa unahesabu mizunguko ya magurudumu kana kwamba ni yale ya zamani. Tairi kubwa likizunguka mara moja linakwenda mbali zaidi. Mshale uliposema themanini, gari lilikuwa limeshapita tisini, na kona iko mbele yao.

Yule bwana akakanyaga breki, gari halikupungua mwendo kama alivyolizoea. Akakata usukani, tairi likang'ang'ania madigadi. Mnaijua ile hofu ya mtu anayeelewa kwamba amechelewa? Iliwapata wote watatu kwa pamoja. Gari likaacha barabara, likabingirika.

Trafiki alimkuta amekaa kwenye majani, shati limelowa damu. "Ulikuwa mwendo gani?"

"Themanini, afande. Haki ya Mungu, themanini."

Pembeni yake mkewe alikuwa amempakata mama yake, na mama alikuwa hapumui tena.

Nawauliza: yule bwana alidanganya? Hakudanganya! Onyo la fundi alikwisha kulisahau; aliapa, na aliamini kila neno. Hapo ndipo mwili wangu unaposisimka. Mwongo anajua kuwa ni mwongo, anaweza kutubu. Huyu angetubu nini, na mshale ulimwambia yuko sawa?

Na sisi je? Tumenyanyuka. Tumepata vyeo, tumepata sauti, waliotucheka wamenyamaza. Lakini bado tunajipima kwa kipimo kilekile cha zamani. "Mbona ibadani nafika? Mbona zaka natoa? Mbona silewi, simpigi mtu?" Themanini tu! Na huko nyumbani, tukiingia mlangoni, mazungumzo yanakatika. Watoto wanakumbuka ghafla kwamba wana kazi ya shule. Tunasema, "Watu wangu wana heshima." Ndugu zangu, mna hakika ni heshima?

Leo sitaki amina zenu. Nendeni nyumbani. Kabla hujagusa chakula, mkalishe mkeo, mkalishe mwanao, umuulize taratibu: "Unaniogopa?" Kisha nyamaza. Akichelewa kujibu, umeshajibiwa.