Pikipiki ya Mwalimu Tupokigwe

Ukishusha pikipiki, usimlaumu jirani. Mmeisikia methali hii leo jikoni, shangazi yenu alipomjibu yule aliyeongeza moto, kisha akasema wali umeungua kwa sababu watu walimsemesha. Mkacheka, kisha mkaja kuniuliza pikipiki na jirani walikutana wapi. Walikutana hapahapa Tukuyu, nami nilikuwepo. Chanzo chake ni hiki.

Wakati huo nilikuwa balozi wa nyumba kumi. Katika nyumba zangu kulikuwa na moja yenye milango miwili iliyotazama ua mmoja. Mlango wa kwanza alikaa Mwalimu Tupokigwe, aliyefundisha hesabu sekondari. Wa pili alikaa Mzee Ambilikile, fundi cherehani aliyefiwa na mkewe. Hawakuwa na undugu, lakini mwalimu alimwita baba. Alipougua taifodi, mzee ndiye aliyempikia uji wiki mbili nzima.

Kaka yake mwalimu alipohamishiwa Mtwara, alimwachia pikipiki yake ya spoti, ile aina ya mashindano ambayo mwendeshaji huilalia kifua na mlio wake husikika kijiji cha pili. Mwalimu aliipenda, ila ilikuwa ndefu na yeye alikuwa mfupi. Akisimama njiani, ni ncha za vidole tu zilizogusa lami. Siku moja alisimama kwenye makutano ya sokoni, mguu ukakosa ardhi, akaanguka nayo mbele ya wanafunzi wake. Siku hiyohiyo akaipeleka kwa Gwamaka, fundi wa pikipiki, akamwomba aishushe.

Gwamaka alikuwa fundi mzuri, ingawa kazi ya namna hiyo hakuwahi kuifanya. Alibadilisha kiungo cha shokapu ya nyuma, ile springi inayobeba uzito, akashusha na mbele, pikipiki ikateremka vidole vinne. Mwalimu aliikalia, nyayo zote mbili zikatulia chini. Alirudi nyumbani amejaa furaha.

Asubuhi yake aliikuta imelala uani, kioo cha kulia kimevunjika.

Alidhani ni upepo. Siku ya tatu ikaanguka tena, na siku hiyo hapakuwa na upepo. Akadhani ni udongo uliolainishwa na mvua, akaweka kipande cha ubao chini ya stendi, ule mguu wa chuma unaoishikilia pikipiki ikiegeshwa. Ikaanguka upesi kuliko mwanzo. Alinijia akiwa amechoka kabisa.

“Balozi, sielewi,” aliniambia. “Stendi iko kushoto, pikipiki inaegemea kushoto. Mbona kila siku inaangukia kulia?”

Nami sikuelewa. Nilimwambia avute subira.

Lakini mtu wa hesabu hakai na swali lisilo na jibu. Alichora ua wote kwenye karatasi. Kitu kinachoegemea kushoto hakiwezi kuangukia kulia chenyewe, aliwaza. Lazima kuna anayekisukuma kutoka kushoto. Na upande wa kushoto kulikuwa na mlango wa Mzee Ambilikile. Akakumbuka kwamba mzee aliwahi kulalamika, akisema mlio wa chombo kile unampotezea vipimo vya nguo. Basi akaacha kumsalimia. Mzee alipomsalimia, mwalimu alipita kama hakusikia, na kwetu sisi hilo si jambo dogo.

Juma lililofuata pikipiki ilianguka tena, pedali ya breki ya kulia ikapinda. Mwalimu hakuiona. Akateremka nayo mlimani kwenda kazini, akakanyaga breki, mguu ukakosa kitu cha kukanyaga. Aliishia ndani ya shamba la chai, mkono umevunjika.

Sasa halikuwa tena suala la kioo. Alimshtaki mzee kwangu kwamba anataka kumuua.

Nikaita kikao uani kwangu, saa nne asubuhi. Gwamaka ndiye aliyeileta pikipiki, kwa kuwa mwalimu alikuwa amefunga mkono. Aliiegesha katikati ya ua, akaja kukaa nasi kwenye mabenchi, hatua kumi kutoka pale. Mwalimu alieleza vizuri, na karatasi yake akatuonyesha. Nawaambia ukweli, wajukuu zangu, alinishawishi. Nilikwisha kuandika jina la mzee kwenye daftari.

Nikamgeukia. “Mzee Ambilikile, unasemaje?”

Alisimama taratibu. “Sijui niseme nini, balozi. Mimi sikui…”

Pikipiki ikalala chini. Upande wa kulia.

Hapakuwa na mtu karibu yake, hata kuku. Tulitazamana. Mama mmoja alinong’ona kwamba chombo kile kina pepo, aitwe mchungaji. Mwingine akasema labda ardhi imetikisika. Mimi niliyepaswa kuhukumu nilibaki nimeshika kalamu, sijui niandike nini. Mwalimu alitazama karatasi yake, akaigeuza juu chini, akaitazama tena.

Gwamaka ndiye aliyeinuka. Aliinua pikipiki, akachuchumaa, akaiangalia stendi kwa muda mrefu. Kisha akaipima kwa vidole.

“Mwalimu,” alisema bila kuinua macho, “nilishusha pikipiki. Huu mguu sikuugusa.”

“Una maana gani?”

“Zamani ililalia mguu wake kama mtu anavyolalia mkongojo. Nimeshusha mwili vidole vinne, mkongojo umebaki na urefu uleule. Sasa umeisimamisha wima. Ikipata mteremko kidogo inakwenda upande wa pili.”

“Na ule ubao niliouweka?”

“Uliurefusha zaidi.”

Mwalimu aliikunja karatasi yake. Kisha akavuka ua, akapiga magoti mbele ya mzee, mkono wake ukining’inia kwenye kitambaa.

“Baba, nimekukosea.”

“Mwanangu,” mzee alisema, “jana nilisimama mlangoni nikajaribu kama bega langu linaweza kuigusa nikipita. Nilikwisha kuanza kuamini kwamba ni mimi.”

Maneno hayo yalimliza mwalimu, na mimi nilikata lile jina kwenye daftari kwa aibu. Gwamaka alikwenda kuikata stendi na kuichomelea upya, na tangu siku ile pikipiki haikuanguka tena. Lakini moyo wa mtu hauchomelewi kwa siku moja. Mzee alimsamehe, akaitikia salamu zake, ila hakukaa kuzungumza naye.

Ikapita miezi kadhaa. Jioni moja nilikuwa kwa mzee nikipimwa suruali, mwalimu akaja mlangoni amekasirika. Alikuwa amebadili namna ya kufundisha, na sasa darasa zima lilikuwa limefeli mtihani. Akasema bila shaka mwalimu wa darasa la jirani ndiye anayewapotosha wanafunzi wake.

Mzee Ambilikile aliendelea kukanyaga cherehani, macho kwenye mshono.

“Ukishusha pikipiki,” alisema, “usimlaumu jirani.”

Mwalimu akaanza kucheka, akacheka hadi akaegemea mlango, na mzee naye akasimamisha cherehani akacheka. Akamsogezea kigoda, wakazungumza mpaka mimi nikaaga nikawaacha.

Kesho yake mwalimu aliwasimulia walimu wenzake, wanafunzi wakaidaka, sokoni ikafika kabla ya mwisho wa juma. Ndiyo hiyo mliyoisikia jikoni: ukishusha pikipiki, usimlaumu jirani.